Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "Sijala usiku kucha, sukari imetoka wapi?"

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAAFISA LISHE KATIKA KLINIKI ZA SUKARI NA PRESHA

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Moshi Vijijini. Nakuandikia kwa sababu ya mama yangu, na kwa sababu ya benchi la mbao ambalo nimekaa naye kila mwezi kwa miaka minne sasa.

Tunafika pale kabla ya saa moja asubuhi, naye hajatia kitu mdomoni. Muuguzi anamchoma kidole, tone la damu linapanda kwenye kijiti, mashine inahesabu. Siku moja mwaka juzi ilisoma 13.8, sukari imepanda sana. Muuguzi akamtazama kwa huruma, akamuuliza, "Bibi, jana ulikula nini?" Mama akajibu kwamba alikula kipande cha gimbi na chai isiyo na sukari saa moja jioni, basi. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria: "Sijala usiku kucha. Sasa hii sukari imetoka wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Simlaumu muuguzi, wala daktari. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Daktari aliongeza dozi, akaandika kwenye daftari la kliniki: *Punguza wanga. Usile ndizi.* Tukatoka. Hazikufika dakika tatu.

Mheshimiwa, sijui kama umewahi kuishi na mtu wa mlimani aliyeambiwa asile ndizi. Mama yangu alilelewa kwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na kila alipojifungua aliletewa mtori. Nyumba yake imezungukwa na migomba pande zote. Akifungua dirisha la jikoni majani yanaingia ndani. Lakini ni mtu anayewaheshimu madaktari. Akaacha ndizi. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aweke nini mahali pa ndizi, jioni nyingine hakuweka kitu: mboga ya mnafu kikombe kimoja, maji, vidonge vyake, kitandani.

Moja ya vidonge hivyo ilikuwa glibenklamidi. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kongosho linatii hata kama tumbo ni tupu. Usiku mmoja, kama saa nane hivi, nilisikia kishindo chumbani kwake. Nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, gauni limelowa jasho kana kwamba amemwagiwa ndoo ya maji. Aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mikono ilikuwa ya baridi na inatetemeka. Tulipima: 2.3, sukari imeshuka mno. Nilikoroga sukari kwenye maji nikamnywesha kijiko kimoja kimoja, nikimwomba ameze, ameze. Baada ya robo saa alinitazama vizuri akaniuliza mbona nalia.

Alikuwa ametii kila neno lililoandikwa kwenye lile daftari.

Jibu la swali lake lilikuja baadaye, na lilikuja kwa bahati. Tulikwenda kituoni Jumanne kuchukua dawa zilizokuwa zimekosekana wiki iliyotangulia, tukakuta ni siku ya kupima watoto uzito. Afisa lishe alikuwa pale na mizani yake. Alipomaliza na kina mama, alimwona mama amekaa peke yake, akavuta kigoda. Walizungumza kama dakika ishirini. Alianza kwa kumuuliza anapika nini, anapika kwenye sufuria gani, anakula na nani. Katika miaka yote ile, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kumuuliza hayo.

Kisha akamweleza habari za ini, nami nilisikiliza kwa makini kuliko mama. Ini ni ghala. Tukila, huweka akiba ya sukari. Tukilala, huitoa kidogo kidogo ili ubongo na moyo visife njaa usiku. Insulini ndiyo inayoliambia ini lini lifunge na lini lifungue. Mtu akiishi miaka mingi akila zaidi ya mahitaji yake, hasa unga uliokobolewa, vinywaji vya sukari na vyakula vya kukaanga, mafuta hujaa ndani ya ini lenyewe. Ini lililojaa mafuta halisikii vizuri sauti ya insulini, kwa hiyo linaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha, hata kama mtu amelala njaa. "Sukari yako ya asubuhi, mama, inatoka ndani yako," alimwambia. Mama akacheka. Akasema kumbe hakuwa mwongo.

Nieleze na yaliyobadilika jikoni, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ndizi zilirudi. Yule afisa lishe alimchorea duara kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari: nusu ya sahani mboga, robo maharage au samaki au kipande cha nyama, robo ndizi au ugali. Ndizi mbichi za kupika, si shida zikiwa kiasi. Ndizi mbivu tatu kwa mpigo ni habari nyingine. Kiburu kinaendelea kupikwa, ila sasa maharage ni mengi na ndizi ni chache, tofauti na zamani. Uji wa sembe wa asubuhi, ambao mama aliuona ni chakula cha mgonjwa kwa kuwa ni laini, uliondoka. Sembe imeondolewa pumba na kiini, kilichobaki ni wanga mtupu unaogeuka sukari haraka. Nyuzinyuzi za dona na za maharage huchelewesha safari hiyo. Lakini alimwonya pia kwamba dona si ruhusa ya kula mlima wa ugali. Chumvi ikatoka mezani, na vile vidonge vya kukoleza supu vikatoka kabatini, kwa sababu mama ana presha pia: chumvi ikizidi mwili hushikilia maji, na maji hayo yanaongeza msukumo kwenye mishipa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umejumlisha kila kitu.

Miezi mitatu baadaye alipimwa kipimo kile cha kuangalia sukari iliyonasa kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo damu hutunza kumbukumbu ya ulivyoishi majuma mengi, hata kama siku ya kliniki umejitahidi. Ilikuwa asilimia 10.4, ikawa 7.9. Daktari mwenyewe ndiye aliyeiondoa ile glibenklamidi. Mama anaendelea na metformini, dawa nyingine ya sukari, na dawa ya presha, na simshauri mtu yeyote aache dawa zake kwa sababu ya barua hii.

Sasa nitoke nyumbani kwangu. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, waliopima watu katika vijiji sita vya nchi yetu. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kiasi cha 9 kati ya 100 wana sukari iliyopanda, na kama 26 kati ya 100 wana presha. Hesabu hizi mbili hazilingani moja kwa moja, maana umri na maeneo ni tofauti. Lakini mwenye macho haulizi mara mbili. Damu yetu haikubadilika asili yake kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni sahani, na miguu yetu inayopanda bodaboda hata kwenda dukani.

Na hapa kwetu Kilimanjaro kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Tiba cha Kilimanjaro na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha matokeo katika jarida la Nature Medicine. Walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya, wa mjini na wa vijijini. Waliozoea vyakula vya asili walilishwa vyakula vya kisasa vya kizungu kwa wiki mbili. Wa mjini wakarudishiwa mboga za majani, jamii ya kunde, ndizi, nafaka za asili. Katika wiki mbili tu damu ilizungumza. Kwa waliohamia chakula cha kisasa, alama za ule mwako wa ndani, kinga ya mwili inapokaa imewaka bila adui, zilipanda, na chembe zao za kinga zikawajibu vijidudu kwa unyonge. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, mwako ulishuka, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Mwako huo wa muda mrefu ndio unaohusishwa na maradhi ya moyo na kisukari. (Kundi jingine lilipewa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wiki moja, na mwako ulishuka vilevile. Wazee wa kwetu wamelishika hilo kwa mikono miwili. Naomba wasisahau kwamba ilikuwa wiki moja, na kwamba wale walikuwa vijana wazima.)

Najua utaniambia kwamba fedha za lishe zinakwenda kwenye udumavu, na ni haki ziende. Mimi ninafundisha darasa la kwanza. Ninawaona wanaoingia wakiwa wafupi kuliko umri wao. Takwimu za mwaka 2022 zilionyesha watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015/16. Lakini Mheshimiwa, udumavu na kisukari si matatizo mawili. Mwaka 1992, watafiti Hales na Barker wa Uingereza walitoa hoja ambayo imeendelea kupata nguvu: mtoto asiyelishwa vizuri tumboni hujengewa mwili wa kubana matumizi, na kongosho lake huweza kuwa na chembe chache za kutengeneza insulini. Mwili huo ukikulia kwenye njaa, utavumilia. Ukikulia kwenye soda na chipsi, utalemewa mapema. Na mtoto huyo ndiye ninayemwona saa nne, wakati wa mapumziko, akinunua andazi na soda getini. Chupa moja ya mililita 300 hubeba sukari kama vijiko saba vya chai. Afisa lishe anayempima leo akiwa mchanga hatamwona tena, labda akiwa na miaka arobaini na kidonda mguuni kisichopona, na hata hapo atakayemwona ni daktari wa upasuaji.

Kuna jambo moja la Uingereza ambalo nalileta kwa sababu ya namna lilivyofanyika. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la watu 306 wenye kisukari cha ukubwani, waliokuwa wamekaa nacho kwa muda usiozidi miaka sita, Scotland na kaskazini mwa Uingereza. Nusu yao waliwekwa kwenye mpango mkali wa kupunguza uzito, kwanza kwa supu na vinywaji maalumu, kisha kwa kurudishiwa chakula taratibu. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari, bila dawa. Mafuta yalikuwa yametoka kwenye ini. Siombi tununue zile supu. Ninachokitazama ni kwamba kazi hiyo haikufanywa na mabingwa wa hospitali kubwa. Ilifanywa na wauguzi na wataalamu wa lishe wa vituo vya kawaida waliofundishwa, ambao walipewa muda wa kukaa na mgonjwa na kumfuatilia.

Mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulizinduliwa Dodoma Novemba 2019. Mwongozo wa kitaifa wa ulaji umetoka mwaka 2023. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973. Halmashauri zina maafisa lishe. Kwa hiyo siombi kitu kipya. Naomba kilichopo kifike kwenye lile benchi: kwamba mgonjwa wa sukari au presha asiandikiwe dawa bila kukaa, walau mara moja kila miezi mitatu, na mtu anayejua chakula na anayeuliza kwanza sufuria ya mgonjwa ina nini. Wa Tanga atauliza habari za nazi na mihogo, wa Mwanza habari za sangara na ugali wa muhogo, wa kwetu habari za ndizi. Na muda huo uhesabiwe kuwa ni matibabu, uandikwe kwenye daftari kama dozi inavyoandikwa.

Kama ajira mpya ni ngumu kwa bajeti ya mwaka huu, naelewa. Basi liangaliwe jambo dogo. Kituoni kwetu siku ya kupima watoto ni Jumanne, na kliniki ya sukari ni Jumatano. Afisa lishe anapakia mizani yake Jumanne alasiri na kuondoka, na kesho yake asubuhi wazee wanajaa kwenye benchi lilelile. Tuanze kwa kumwomba abaki siku moja zaidi, na apewe posho ya siku hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Moshi Vijijini