Mvuvi asiyerudi na samaki

Mhariri,

Safu yenu ya filamu iliitaja Brokeback Mountain (2005) ya Ang Lee kwa mstari mmoja: wanaume wawili wachunga kondoo wa Wyoming wanapendana kwa siri. Mbona wake zao hamkuwagusa?

Ennis, mmoja wa wanaume hao, humuaga mkewe Alma kwamba anakwenda kuvua na mwenzake Jack. Siku moja mke akafunga kikaratasi kwenye ncha ya mshipi. Mume akarudi mikono mitupu, eti samaki walikuwa tele ila wamewala hukohuko. Kikaratasi kiko palepale, mshipi haujagusa maji. Sisi tunaodamkia mnada wa samaki hapa Bagamoyo uongo huo tungeunusa kabla hajavua viatu!

Lee alipata Oscar ya uongozaji mwaka 2006. Mimi namsifu zaidi kwa kutomgeuza Alma kuwa adui. Ennis anaishi kwa woga, maana utotoni baba yake alimpeleka akaione maiti ya mwanamume aliyeuawa kwa kuishi na mwanamume mwenzake. Woga ni wa mume, lakini deni analilipa pia mkewe. Wanafunzi wa uigizaji pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wamtazame Michelle Williams katika nafasi ya Alma.

Msomaji wenu,
Bagamoyo