Maabara ya bayolojia isingoje muhula wa tatu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu namna wanafunzi wa Kidato cha Nne wanavyotayarishwa kwa mtihani wa bayolojia wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya. Mimi ni mwalimu wa somo hili katika Kaunti ya Kilifi, na kila muhula wa tatu unapobisha hodi huona mtindo uleule ukirudi: silabasi hukimbizwa ili iishe mapema, wanafunzi hurundikiwa karatasi za mitihani ya majaribio kutoka kila pembe ya nchi, majibu husomwa darasani kwa pupa, na maabara hufunguliwa zikiwa zimesalia wiki chache tu ili watahiniwa waonyeshwe vifaa kabla ya karatasi ya tatu. Sina ugomvi na karatasi za majaribio. Ninalolalamikia ni kuzifanya kuwa ndiyo marudio yenyewe, ilhali bayolojia ni somo la kukitazama kitu, kukipima, kukichora na kueleza kwa nini kiko kilivyo.

Hata anayejali alama tu, asiyejali elimu, angepaswa kuliona tatizo hili. Karatasi ya kwanza ina alama 80, ya pili 80, na ya tatu, ambayo ni ya vitendo, ina 40. Shule zinapokokotoa matokeo ya mitihani yao ya majaribio, kwa kawaida alama 160 za karatasi mbili za nadharia hupunguzwa hadi 60, na zile 40 za vitendo hubaki kama zilivyo ili jumla iwe 100. Kwa hesabu hiyo, alama moja inayopotea maabarani ina uzito wa zaidi ya alama mbili zinazopotea katika nadharia. Kwa nini basi sehemu yenye uzito huo ndiyo inayoachwa hadi mwisho, tena ifundishwe ubaoni kwa chaki?

Chukua mfano wa kupima virutubishi katika chakula. Karibu kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne atakwambia bila kusita kwamba iodini hugeuka kutoka kahawia hadi buluu nyeusi penye wanga, na kwamba kemikali ya Benedict, ambayo ni ya buluu, ikipashwa moto pamoja na sukari rahisi huweza kuwa kijani, kisha manjano, kisha rangi ya chungwa, na hatimaye nyekundu kama tofali. Mkabidhi neli mwanafunzi huyohuyo. Atatia Benedict na kusahau kuipasha moto, au ataipasha, rangi ikome kwenye kijani, naye aandike nyekundu ya tofali kwa sababu ndiyo aliyoikariri. Wengine huandika "kuna sukari" katika safu ya kilichoonekana, na safu ya hitimisho wakaiacha tupu. Anayepima sukari isiyo rahisi husahau kwamba baada ya kuchemsha na asidi hafifu ni lazima aongeze sodiamu haidrojenikaboneti ili kuiondoa asidi ile kabla ya kutia Benedict. Makosa haya hayatibiwi kwa kusoma daftari mara nyingi zaidi. Huisha mtoto anapoyafanya mapema, mwezi wa Februari au Machi, mwalimu akiwa karibu na hakuna alama inayopotea.

Michoro nayo ina kanuni zake, na zinashangaza kwa urahisi wake: penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatikakatika, hakuna kutia kivuli, mistari ya kutaja sehemu isivukane wala isiwe na vichwa vya mishale. Ukuzaji, yaani mchoro ni mara ngapi ya kitu chenyewe, hupatikana kwa kugawanya urefu wa mchoro kwa urefu wa kitu chenyewe. Jibu huandikwa pamoja na alama ya kuzidisha, na halifuatwi na sentimita wala milimita. Mwanafunzi aliyechora mara kwa mara tangu Kidato cha Kwanza hazihesabu hizi kuwa kanuni za kukariri.

Najua jibu la walimu wakuu wengi: maabara hatuna, au tunayo lakini kemikali ni ghali na fundi wa maabara ni mmoja. Hoja hiyo ina ukweli wake, hasa katika shule za kutwa za mashambani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vielelezo vinavyotajwa katika silabasi hainunuliwi dukani. Huku Pwani tuna wanafunzi wanaoipita mikoko kila asubuhi wakielekea shuleni, kisha hujifunza mizizi ya kupumulia kutoka kwenye picha iliyofifia ya fotokopi. Ukishuka kwenye hori la Mida au la Mtwapa maji yakiwa yamekupwa, utauona mti wa mchu, aina ya mkoko, umezungukwa na mizizi iliyochomoza kutoka matopeni kama penseli zilizosimamishwa. Tope lile lina oksijeni kidogo mno, ndiyo maana mizizi hiyo huelekea juu badala ya chini, na ngozi yake ina vitundu vya kupitishia hewa. Mwanafunzi aliyeushika mzizi huo kwa mkono wake atalijibu swali la ubadilishanaji wa gesi katika mimea hata likiulizwa kwa njia asiyoitarajia.

Sokoni vilevile kuna mengi. Ganda la kunde likifunguliwa huonyesha mbegu zimejipanga kwenye ukingo mmoja. Nyanya ikikatwa kwa upana huonyesha mbegu zimeshikamana na mhimili wa katikati. Papai huonyesha mbegu zimeng'ang'ania ukuta wa ndani. Hiyo ni mipangilio mitatu tofauti ya mbegu katika ovari, na yote kwa bei ya kachumbari. Makumbi ya nazi hunasa hewa, ndipo nazi ikaelea na kusafirishwa na maji. Muuza samaki hatakataa kukuachia mashavu ya samaki, wala mchinjaji hatakosa figo ya mbuzi ya kupasuliwa kwa urefu ili tabaka la nje na la ndani vionekane.

Kwa osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea palipokolea zaidi, panahitajika kiazi mviringo, kisu, rula, chumvi na vikombe viwili tu. Vikatwe vipande viwili vyembamba vya sentimita tano kila kimoja. Kimoja kitiwe kwenye maji matupu na cha pili kwenye maji yaliyokolea chumvi, na baada ya saa moja hivi vipimwe tena. Cha maji matupu kitakuwa kigumu na kirefu kidogo kuliko kilivyokuwa. Cha chumvi kitakuwa kimelegea na kufupika. Kazi haijaisha hapo. Mwanafunzi akae aandike sababu kwa sentensi kamili, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana huandika kwamba maji yalitoka penye mkolezo mkubwa kwenda penye mkolezo mdogo. Mkolezo wa nini? Asiposema kwamba maji yalipita kwenye utando unaochuja, kutoka kwenye utomvu wa seli usiokolea sana kwenda kwenye maji ya chumvi yaliyokolea zaidi, hajaeleza chochote, hata kama anajua anachokusudia.

Udhaifu huu wa kueleza ndio unaoziangusha pia karatasi za nadharia, na ningependa wanaodurusu hivi sasa waupime katika majibu yao wenyewe. Mwanafunzi huandika kwamba joto kali "linaua" vimeng'enya. Vimeng'enya, vinavyoharakisha kazi za kikemia mwilini, ni protini, havina uhai wa kuuawa. Joto huharibu umbo lake, na umbo likiharibika havifanyi kazi tena. Mwingine huulizwa jinsi vifuko vya hewa vya mapafu vilivyojirekebisha kwa kazi yake, akajibu, "Vina kuta nyembamba." Ni kweli, lakini swali limeuliza kuhusu kazi: kuta nyembamba hufupisha umbali ambao gesi husafiri, unyevu huiyeyusha gesi, na wingi wa mishipa midogo ya damu huiondoa oksijeni haraka ili nyingine iendelee kuingia. Katika karatasi ya pili kuna swali la insha lenye alama 20, na mwanafunzi anayetaja maumbile bila kuyaunganisha na kazi hukosa sehemu kubwa ya alama hizo huku amejaza kurasa. Swali la sita ni la lazima, nalo pia lina alama 20. Mara nyingi huja na data ya kuchorea grafu, kwa hiyo asiyeweka vipimo kwenye mihimili yake anazitupa alama ambazo hazikuhitaji akili nyingi. Katika urithi wa jeni, iwe ni selimundu au hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda), wengi hupata jibu la mwisho lakini hawaonyeshi jeni za wazazi, gameti (seli za uzazi) na muunganiko wake, hatua ambazo nazo huwa na alama zake.

Kosa jingine ni kudurusu Kidato cha Nne peke yake. Jenetiki, mageuzi, mfumo wa neva na mifupa ni mada za mwaka wa mwisho, ni sawa, lakini karatasi ya kwanza huokota kila mahali, na seli na lishe za Kidato cha Kwanza, usafirishaji na upumuaji za Kidato cha Pili, na ikolojia ya Kidato cha Tatu hazimsubiri mtu azikumbuke. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba yale tuliyojifunza hupotea haraka sana katika siku za mwanzo, na kwamba kuyarudia kwa vipindi vilivyoachana hufaa kuliko kuyabana yote mara moja. Kwa mwanafunzi maana yake ni nyepesi: asome mada, afunge kitabu, aandike anachokumbuka, alinganishe, kisha airudie baada ya siku chache na tena baada ya wiki kadhaa. Kupaka daftari rangi za kila namna si kudurusu. Na hao wanaokesha hadi saa nane za usiku na kusinzia kipindi cha asubuhi, wanajiibia wenyewe.

Kuhusu karatasi za "ubashiri" zinazouzwa kwenye simu kila Oktoba nitasema kidogo tu: mzazi anayelipia amenunua hewa, na karatasi ikiwa ni ya kweli, basi amevunja sheria.

Isisemwe pia kwamba hakuna haja ya kununua vifaa kwa kuwa mfumo wa elimu wa 8-4-4 unakwisha. Darasa lake la mwisho litafanya KCSE mwaka 2027, na watoto hao wana haki sawa na waliotangulia. Isitoshe, bayolojia inaendelea katika shule za upili za mtaala mpya, na hadubini na neli za leo ndizo watakazozikuta wanaofuata.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni kwamba kipindi cha maabara kiwekwe kwenye ratiba ya kila wiki kuanzia Januari, kisichukuliwe na somo jingine, na kwamba ripoti ambazo Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) hutoa kuhusu jinsi watahiniwa walivyojibu zisifungiwe kabatini mwa mkuu wa idara bali wanafunzi wenyewe wazisome. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, nami naiunga mkono, kwa hiyo likizo ya Agosti ni ya nyumbani. Wazazi watakaoulizwa na mtoto kama anaweza kuchukua kiazi kimoja na chumvi kidogo, tafadhali wampe, kisha wamwombe awaeleze alichokiona.

Mwalimu wa Bayolojia,
Kaunti ya Kilifi