Barua kwa Mwanangu Aliyeko Jinja

Busia

Mwanangu Zaina,

Simu yako inaita mpaka inakata. Shangazi yako anasema upo, unaoga, unaonja chakula, basi unarudi kujifungia. Ndiyo maana nimeandika, nimpe dereva wa taksi ya asubuhi akuletee. Karatasi huwezi kuizima.

Matokeo yako ya mtihani wa Senior Six, wa kumaliza sekondari, niliyapokea. Prinsipo moja, yaani somo moja ulilofaulu kwa kiwango kamili, na sabu mbili, za kiwango cha chini, si nilichokuwa nikimwomba Mungu, na sitakudanganya kwamba sikuumia. Nilikuambia PCB, hizo fizikia, kemia na baiolojia zako, ni nzito, ukasema mwalimu wako anaona unaiweza. Haya. Ila usijihukumu kuliko mtihani wenyewe ulivyokuhukumu. Chuo kikuu wanataka prinsipo mbili za mtihani mmoja. Hapo umekosa, kweli. Diploma wanataka prinsipo moja na sabu mbili, yaani hicho hicho ulicho nacho. Ukiimaliza vizuri, chuo kikuu kinakupokea kwa hiyo diploma, na wanaoingia hivyo ni wengi. Kurudia Senior Six nako kunaruhusiwa. Zile nafasi 4,000 za kusomeshwa chuo kikuu na serikali ni za nchi nzima, hata wenye prinsipo tatu wanazikosa kila mwaka. Utachagua mwenyewe, sitakushika mkono. Lakini pokea simu kwanza.

Shule zilipofungwa Machi 2020 mpaka Januari 2022, ulikaanga mandazi ukauza pale stendi, wateja wakakuita daktari wa unga, ukawacheka. Hayo unayajua kuliko mimi. Nauliza tu yule msichana amekwenda wapi.

Baba yako, mtoto yeyote akikwama, anamtaja Cheptegei, yule mkimbiaji wetu wa Uganda, mpaka masikio yanatuuma. Leo namtaja mimi. Watu wanapenda kusimulia Aarhus 2019, alipochukua dhahabu ya mbio za nyika za dunia. Mimi nazikumbuka mbio hizo hizo zilipokuja Kololo, hapo Kampala, Machi 2017. Alikuwa mbele, watu wameshaanza kushangilia, mzunguko wa mwisho miguu ikagoma. Akawa anayumba kama mlevi, wenzake wanampita mmoja baada ya mwingine. Angekaa pembeni, nani angemlaumu? Akamaliza, wa 30, nyumbani kwao, macho yote yakimtazama. Ile dhahabu sikuishangaa sana. Nilishangaa kwamba alikubali kuonekana vile.

Wewe unaogopa kuonekana. Hapa mtaani walishajua, wakasema, wakachoka, sasa wanasema habari za bodaboda aliyekimbia na mke wa mtu. Amebaki Mama Rehema kuuliza, na huyo tunamjua.

Maneno ya ile jioni yalikuwa hasira ya ada. Baba yako ndiye aliyepaza sauti, lakini hesabu ya ada ilitusumbua sote wawili, si yeye peke yake. Usiyabebe.

Nimetuma shilingi 20,000 kwa simu ya shangazi. Ni zako. Vaa vizuri, tembea mpaka chuo chochote hapo Jinja, ulizia fomu na ada yao, hata kama hutaki kusoma hapo. Nataka utoke nje, upite barabarani, watu wakuone. Ukirudi unipigie, uniambie walisemaje. Ukishindwa kupiga, pokea nikipiga mimi, hata useme neno moja tu.

Bei ya mahindi imeshuka tena, gunia zangu zimekaa stoo wadudu wanasherehekea. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, Juma anamnyonyesha kwa chupa na sasa hataki kwenda shule kwa sababu yake. Kitanda chako amelalia yeye. Nimemwambia ni cha muda, usinune.

Kwenye mfuko kuna mukene, wale dagaa wakavu, na kitenge cha shangazi yako. Mukene uanike kabla haujashika unyevu. Dereva nimeshamlipa, akidai pesa ya mzigo msimpe.

Mama yako