Mhariri, kurasa zenu za wavuvi zinamwita mtu wa ofisini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama muuza magazeti hapa Stendi ya Nyegezi, Mwanza, na gazeti lako ni mojawapo ya yale yanayoniletea unga nyumbani. Naandika kuhusu lile jarida la wavuvi na wakulima wa Kanda ya Ziwa mnaloliweka katikati ya gazeti kila mwisho wa mwezi. Sina ugomvi na yaliyoandikwa humo. Habari ya kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani niliisoma, nikamsimulia dada yangu wa Kayenze, naye akaifanyia kazi. Ugomvi wangu ni na kurasa zenyewe. Mmesema ni za mvuvi, lakini jinsi zilivyopangwa zinamwita mtu wa ofisini, na kweli mtu wa ofisini ndiye anayeitika.

Hilo naliona mezani kila mara. Anayelichomoa jarida akalisoma hapo hapo amesimama ni yule mwenye mkoba wa kompyuta anayesubiri basi la Dar. Mvuvi analifungua, analifunga, anahamia ukurasa wa michezo. Toleo lililopita jalada lilikuwa na picha ya ukumbi wa mkutano: watu wamekaa nyuma ya meza, vitambulisho shingoni, chupa za maji mbele yao, na juu nembo za wafadhili zimejipanga mstari mzima. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, aliitazama akaniambia, “Mayu, hii ni ya mabwana samaki, siyo yetu.” Alimaanisha maofisa uvuvi, na hakuwa amesoma neno hata moja. Ndani mlikuwa na mtumbwi uliopigwa picha kutoka angani. Nakubali ni picha nzuri, ila aliyemo hana uso, na mnunuzi wangu hutafuta uso kwanza. Akishamwona mtu anayemfanania ndipo anauliza huyu anasema nini.

Wasanifu wenu wangekuja kukaa nami siku ya Simba na Yanga, nadhani wangerudi na la kufikiri. Jalada likiwa jekundu tupu, mwana-Yanga analipita hata kama habari kubwa ni ya Yanga. Magazeti ya michezo yanalijua hilo, kwa hiyo siku hiyo hugawa ukurasa wa mbele: nyekundu upande mmoja, kijani na njano upande wa pili, kila mtu aone pake akiwa bado yuko mbali. Sisi wa Pamba Jiji, pamoja na timu yetu kurudi Ligi Kuu mwaka 2024, tunapewa kona ya chini. Tumezoea.

Kuna jambo jingine la meza ambalo mtu wa kompyuta halioni. Nafasi yangu ni ndogo, magazeti nayapanga kwa kulaliana, na kinachobaki wazi ni jina juu na ukanda mwembamba wa kushoto. Jarida lililosukuma maneno yake muhimu upande wa kulia limejinyamazisha. Pembeni nina boksi la majarida ya zamani kutoka ng’ambo. National Geographic, iliyoanza mwaka 1888, ina fremu ya njano tangu 1910. TIME ina fremu nyekundu tangu 1927. Hata likibaki limechungulia kidogo tu chini ya rundo, mwenye kulitaka analijua. Wenye majarida hayo wamebadilisha mengi miaka yote hiyo, lakini fremu hawaigusi ila mara chache sana. Lenu kila mwezi lina rangi mpya.

Lakini walionifundisha zaidi ni mafundi cherehani. Wanakuja kutoka Makoroboi kupekua boksi lile, na ungedhani watayakimbilia majarida ya mitindo ya gharama, yale mazito yenye karatasi ya kung’aa, kina Vogue na Harper’s Bazaar. Wanayafungua, wanayarudisha. Humo mwanamke amepigwa picha ameegemea ukuta gizani, gauni limekatwa kiunoni, halafu nusu ya ukurasa ni nyeupe, haina kitu isipokuwa maneno mawili kwa herufi nyembamba. Ule weupe haukuachwa kwa bahati mbaya. Unamwambia msomaji kwamba hapa hakuna haraka, hapa pana gharama, na mwenye duka la mikoba aliyelipia tangazo ukurasa unaofuata anamtaka msomaji wa namna hiyo. Alexey Brodovitch, aliyeongoza usanifu wa Harper’s Bazaar kuanzia 1934 hadi 1958, alijipatia jina kwa kuacha nafasi tupu kama hizo na kwa kukata picha anavyotaka. Kwa wasomaji wake ilikuwa sawa kabisa.

Fundi wangu hanunui ndoto. Anataka kuona mkono umeungwa wapi na bega, zipu iko nyuma au ubavuni, marinda yanaanzia wapi. Kwa hiyo anachukua jarida la mishono lililochapwa kwenye karatasi hafifu, ukurasa mmoja umejaa wanawake wamesimama wima kutoka kilemba hadi kiatu, mbele na nyuma, bila maandishi kupita juu ya nguo. Mteja wa fundi, kama anajua kusoma au hajui, ananyoosha kidole: “Nataka hiki, ila shingo ya yule.” Kazi imekwisha. Chuo cha usanifu hakiwezi kuupa ukurasa huo zawadi, maana umebanana na rangi zake zinagombana. Ila jarida hilo linakaa kwenye kibanda cha cherehani hadi jalada linanyofoka, na fundi anarudi kuniuliza kama jipya limefika.

Kijana mmoja anayesoma uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), pale Malimbe, hupenda kunibishia mambo haya. Yeye alinionyesha kwenye simu jarida la muziki la Marekani la miaka ya 1990, Ray Gun. Msanifu wake, David Carson, aliona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry hayana ladha, akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya vialama na vinyota, hata herufi moja usiweze kuisoma. Nilicheka. Kijana akasema ndiyo sababu vijana walilipenda, lilikuwa linawakera wazazi. Sawa, basi hata ukurasa usiosomeka unaweza kuwa na mtu wake. Lakini mwenye Ray Gun alijua anamwudhi nani na anamfurahisha nani. Nyinyi mmemwudhi mvuvi bila kukusudia.

Maana hata yeye akijitahidi, mmemwekea vikwazo. Maelezo ya namna ya kuhifadhi samaki mliyachapa kwa herufi nyeupe ndogo juu ya picha ya maji ya bluu. Kwenye skrini ya msanifu lazima yalipendeza. Kwenye karatasi ya gazeti wino husambaa unapokauka, na bluu ile haitoki kwenye bamba moja. Mashine ina mabamba manne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na mojawapo likisogea hata kidogo, herufi nyeupe nyembamba inazibwa pande zote. Neno “chumvi” kwenye nakala zangu lilikuwa doa. Herufi nyeusi kwenye karatasi tupu haina shida hiyo.

Tena fikirieni macho. Mtu akivuka miaka 40 lenzi ya jicho inakuwa imekakamaa, na maandishi madogo ya karibu yanamsumbua; ndiyo maana hapa stendi machinga wanauza miwani ya kusomea pamoja na karanga. Wenye vyombo vya uvuvi na wachuuzi wengi wa Mwaloni wako umri huo. Wapeni herufi za ukubwa wa pointi 12 hata kama habari mbili zitabaki nje. Na lile jalada la karatasi ya kung’aa mnaloliona la heshima, saa sita mchana pale ufukweni linarudisha jua lote machoni. Mwenye kusoma ofisini, chini ya feni, hawezi kulijua hilo.

Mistari nayo mmeirefusha, inavuka ukurasa mzima ili ifanane na kitabu. Jicho likifika mwisho wa mstari mrefu linapotea likirudi kutafuta mwanzo wa unaofuata, na ndani ya basi linalotikisika linapotea zaidi. Safu nyembamba za gazeti zilikuwa na maana yake. Zamani walau abiria wa Geita na Bukoba alikuwa na foleni ya kivuko pale Kigongo, angeweza kurudia aya. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wanavuka wakiwa hawajamaliza kichwa cha habari. Silalamiki, daraja tulilisubiri. Nasema tu msomaji amepungukiwa dakika.

Msidhani naomba jambo ambalo halijawahi kufanyika nchini. Shirika la Femina Hip lilikuwa na majarida mawili chini ya paa moja. Fema lilikuwa la wanafunzi wa sekondari, lenye mijadala, barua na habari zilizojaa maneno. Si Mchezo! lilikuwa la vijana wa vijijini walio nje ya shule, lenye hadithi za picha, watu wa kawaida wa vijijini wamepigwa picha na maneno yao yamewekwa kwenye viputo. Mambo ya UKIMWI na maisha yalikuwemo kotekote. Hawakuchukua kurasa za mwanafunzi wakapunguza maneno. Walitengeneza upya kwa ajili ya mtu mwingine. Mpwa wangu aliyeishia darasa la saba alikuwa akilisoma Si Mchezo! kwa sauti na wenzake wakimzunguka, na hayo mengine ya kwenye rafu aliyaita ya walimu.

Najua kuna anayelipia kurasa zenu, na anataka kujiona yeye na meza yake ya mkutano. Mpeni ukurasa wa nyuma. Ule wa katikati nauomba kwa ajili ya wenyewe, na nitasema ninavyoutaka.

Jarida lenu ni la ukubwa wa gazeti, na kurasa mbili za katikati zikifunguliwa upana wake unavuka sentimita 50. Sheria inasema sangara asiyefika sentimita 50 asivuliwe. Chapeni basi sangara mmoja wa urefu huo kamili, pua huku, mkia kule, na rula chini yake, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Juu yake wekeni mwezi: duara jeusi siku za giza, duara jeupe siku za mbalamwezi, tarehe zikiandikwa kwa tarakimu kubwa. Wavuvi wa dagaa huvutia samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, wengi hupumzika. Kila mtu kambini huwa anahesabu siku hizo kwa vidole. Ukurasa huo ni karatasi moja, unachomoka bila kuchanika, unabandikwa ukutani. Rula ya karatasi haitamshinda bwana samaki mahakamani, hilo najua, lakini itaanzisha maneno.

Mkiuchapa, niongezeeni nakala. Za Mwaloni nitazipeleka mwenyewe alfajiri, kabla ya kufungua meza.

Muuzaji na msomaji wako,
Stendi ya Nyegezi, Mwanza