Kijiko cha mafuta ya karafuu asubuhi? Hapana, Mhariri

Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa afya uliyasifu mafuta ya karafuu, kisha ukamwelekeza msomaji anywe kijiko kimoja cha chai kila asubuhi "kusafisha tumbo". Niliisoma habari hiyo dukani, chai ikanishinda.

Mimi nauza viungo Kariakoo, mafuta hayo yakiwemo, na nimezaliwa Pemba. Sina ugomvi na karafuu, maana ndiyo iliyonilipia sare ya shule. Msimu ukifika tulikaa jamvini usiku tunachambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vile vijiti vinavyozishika, upande ule, mpaka vidole vikawa vyeusi na ubwabwa wenyewe ukanuka karafuu. Makonyo hayatupwi. Yalikwenda kiwandani Wawi, pale Chake Chake, yakapigwa mvuke yakatoa mafuta. Kwa hiyo chupa unayouziwa huenda haikuona punje ya karafuu hata moja. Mafuta hutoka kwenye makonyo na majani pia.

Punje tatu kwenye pilau hazimdhuru mtu. Mafuta ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya chupa, mara nyingi asilimia 70 hadi 90, ni kitu kinachoitwa yujenoli, na ukali wake niliuona kwa macho. Siku moja nilimimina kidogo kwenye boksi la chipsi, lile jeupe jepesi, ili nijaze vichupa. Simu ikaita. Niliporudi, kitako cha boksi kilikuwa kimenywea na kutoboka, mafuta yanatiririka mezani. Tangu hapo natumia kioo tu.

Lakini somo lenyewe nililipata kwa kosa langu. Zamani nilikuwa nikijaza mafuta kwenye chupa kuukuu za dawa ya kikohozi, nimezichemsha, nimebandua karatasi. Mteja wangu mmoja alinunua kwa ajili ya jino lake, akaiweka dirishani. Mwanawe wa miaka miwili akaijua chupa: ndiyo ile ya dawa tamu. Akapiga funda. Bibi mtu akataka kumtapisha kwa maji ya chumvi, jirani akamshika mkono, na alifanya vyema, maana yakipanda tena yanaweza kuingia mapafuni. Mtoto alilazwa siku mbili, amelegea, anapimwa ini kila mara. Alipona, alhamdulillah. Nilikwenda kumtazama nikiwa sina pa kuuweka uso wangu.

Daktari hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba yujenoli ikizidi mwilini huliumiza ini kama inavyoliumiza paracetamol iliyozidi, na kwamba limeshaandikwa tukio la mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10 akapata degedege na kupoteza fahamu. Kijiko cha chai ni mililita 5, Mhariri. Ndicho hicho mlichokiandika.

Sisemi watu wayaache. Madaktari wa meno wenyewe huyachanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Mtu mzima anayeumwa usiku, hospitali mbali, atie tone moja kwenye kipamba, akibane kwenye tundu la jino, ateme mate, asubuhi aende kwa daktari, kwa sababu maumivu yametulizwa tu, uozo uko pale pale. Kipamba kisilale kwenye ufizi, utababuka. Mtoto anayeota meno asipakwe kabisa. Kwa kuchua mgongo, tone moja kwenye kijiko cha mezani cha mafuta ya nazi latosha. Na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kama wafarini, amuulize daktari wake kwanza, maana karafuu nayo huzuia damu kuganda.

Sisi wauzaji tuna letu pia. Wapo wanaochanganya na mafuta ya kupikia. Mteja, dondosha tone kwenye glasi ya maji ulikoroge: ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama, ya kupikia yataelea. Dukani kwangu sasa ni vichupa vya kioo cheusi vyenye kizibo cha kudondosha, na nimeandika kwa mkono, "Usinywe. Weka mbali na watoto." Wenzangu wananicheka kwamba nawafukuza wateja.

Ninachoomba ni mrekebishe Jumamosi hii, pale pale mlipoandika, kwa herufi za ukubwa ule ule. Tangu habari ile itoke wamenijia wawili na gazeti lenu mkononi, wanataka chupa kubwa. Nimewapimia karafuu kavu za mia tano mia tano wakatie kwenye chai. Mmoja kashukuru, mwingine kaondoka amenuna.

Mama Viungo,
Kariakoo, Dar es Salaam