Sijarogwa, kijana wangu: jibu la mzee wa Korogwe aliyeko Houston

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya kijana mmoja aliyesema sisi wazee wa Kiafrika tulioko Marekani tunaowapigia kura Republican, chama cha wahafidhina, tumerogwa, tumesahau tulikotoka na tunafurahia wenzetu wakirudishwa makwao. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mke wangu kwa sauti jikoni. Sijarogwa kijana wangu. Na huko nilikotoka ndo hasa kulikonifanya niwe hivi, naomba unisikilize kama unavyomsikiliza baba yako mdogo.

Mimi ni wa 1955, mzaliwa wa Korogwe, Tanzania. Baba alikuwa na duka dogo, chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mche, khanga mbili tatu zimening'inizwa mlangoni. Ilipokuja Operesheni Maduka, ya serikali kufunga maduka ya watu binafsi, mwaka 1976 likafungwa, tukaambiwa kijiji kitakuwa na duka lake, na kweli lilikuwepo, kaunta safi na rafu tupu. Baba alikuwa anakaa barazani na mzani wake mapajani anaufuta na kitambaa, anaufuta tu, hauna cha kupima. Baadae serikali ikarudi nyuma lakini mzee hakufungua tena. Mwalimu Nyerere nilimpenda na nampenda mpaka leo, hakuwa mwizi, ila toka siku zile mtu akiniambia serikali itakufanyia kila kitu naona ule mzani. Huo nao ni uchawi?

Nilifika Marekani 1979 kusoma, ada ikanishinda, 1981 nikaacha chuo na hapo nikawa sina makaratasi. Nimebeba boksi, nimefagia maofisi usiku, nimelala chumba kimoja na wenzangu sita tunapokezana magodoro. Aliyenitoa kwenye hayo maisha ni Rais Ronald Reagan wa Republican, mhafidhina mwenyewe hasa, aliyesaini sheria ya uhamiaji Novemba 6, 1986 na watu kama milioni 2.7 tukapata makaratasi. Kwa hiyo usiniambie nachukia wahamiaji, mimi ni mhamiaji wa sheria ile. Lakini sheria ile ilikuwa na miguu miwili, mmoja ni kutusamehe tuliokuwepo, wa pili ni kuwabana waajiri wanaoajiri watu wasio na makaratasi na kulinda mpaka ili mambo yasijirudie. Mguu wa kwanza ulitembea, wa pili ukaburuzwa mpaka ukafa, na waliouacha ufe ni vyama vyote viwili sababu wafanyabiashara walitaka vibarua wa bei rahisi. Matokeo yake leo kuna mamilioni wanaishi kama nilivyoishi mimi 1983, wanaogopa kila gari la polisi. Ninachotaka ni mpaka unaolindwa na mlango unaofunguka kwa utaratibu. Kumkamata mama wa watu mbele ya wanae akiwa hana kosa jingine lolote, hapana, hilo silishangilii na wala sijawahi.

Nimekuwa raia miaka ya tisini, kura yangu ya kwanza nilimpa Bob Dole wa Republican 1996 akashindwa. 2008 ilikuwa ngumu kuliko zote, Obama, mtoto wa Mkenya, anagombea Ikulu ya Marekani, simu zinapigwa toka Tanga mpaka usiku wa manane, shangazi yangu analia kwa furaha, na mimi nikampigia McCain, mgombea wa Republican. Niliumia lakini sikuona aibu, na nakwambia sababu. Kwenye mkutano mmoja wa kampeni kule Minnesota mama mmoja alishika kipaza sauti akasema hamwamini Obama sababu ni Mwarabu, McCain akamnyang'anya kipaza palepale, akasema hapana mama, ni mtu mwema mwenye familia yake, tunatofautiana tu kwa hoja. Watu wake mwenyewe walishamzomea siku hiyo kwa kusema maneno kama hayo. Huo ndo uhafidhina nilioujua mimi, unalinda adabu hata inapokugharimu kura.

Sasa utamaduni. Mwaka 1960 hapa Marekani watoto waliozaliwa nje ya ndoa walikuwa kama 5 katika kila 100, siku hizi ni kama 40. Gallup wanaopima maoni ya watu walisema mwaka 1999 asilimia 70 ya Wamarekani walikuwa waumini walioandikishwa kanisani, sinagogi au msikitini, 2020 ikawa asilimia 47. Kanisani kwetu Jumapili tulikuwa tunachukua viti vya kukunja toka ukumbini tunavipanga hadi mlangoni, sa hizi viti vimefungwa kamba stoo vina vumbi. Watu wanasema ni uhuru. Mimi naona mtaa mzima watu hawajuani majina, mzee anaanguka bafuni anagundulika siku ya tatu, kijana ana marafiki elfu mbili kwenye simu na hana wa kumpeleka hospitali. Korogwe ukipiga chafya jirani anakuitikia. Kuhusu jinsia na mambo yanayofundishwa mashuleni msimamo wangu ni wa kizamani, mzazi ndo wa kwanza kuambiwa, siyo wa mwisho, na hapohapo mtoto wa mtu asitukanwe wala kupigwa kwa jinsi alivyo. Mama yangu asingekubali.

Ila kijana ana haki sehemu moja na nitaisema wazi. 2016 nilimpigia Trump kwa ajili ya Mahakama ya Juu, akateua majaji watatu na 2022 hukumu ya 1973 iliyoruhusu utoaji mimba nchi nzima ikatenguliwa, nilichokiombea miaka mingi. Lakini Januari 6, 2021 niliangalia kwenye TV wafuasi wa Trump, aliyekuwa ameshindwa uchaguzi, wanavunja madirisha ya Bunge huku wameshika bendera niliyoapia, nikazima nikatoka nje nikasimama tu kwenye nyasi. Nilihama nchi yenye shida ya sukari, sikuhama ili nione uchaguzi unakataliwa kwa virungu. Na deni la taifa je? Wenzangu walikuwa wanapiga kelele za deni wakati wa Obama, leo limepita dola trilioni 36 na wamenyamaza kimya, Reagan naye alilipandisha karibu mara tatu, tuseme ukweli. Alafu ile sheria ya Julai 4, 2025 imetuletea kodi ya asilimia 1 kuanzia Januari 2026 kwa anayetuma hela nje kwa keshi. Mhafidhina gani anamkata kodi kibarua anayemtumia mama yake hela ya dawa? Hilo nimemwandikia mbunge wangu.

Kinachoniuma zaidi lakini kiko nyumbani kwangu. Novemba 2020, Alhamisi ya sikukuu ya Shukrani, mke wangu kaoka bata mzinga, mimi nimepika pilau, binti yetu mkubwa kaja na mumewe. Tukaanza uchaguzi. Nilisema neno, akasema neno, akavuta kiti akachukua mtoto wake aliyekuwa bado ana wali mkononi wakaondoka, sahani inatoa mvuke. Miaka miwili hakukanyaga. Hakuna mgombea hata mmoja wa chama chochote aliyewahi kunipigia simu kuulizia hali yangu, na kwa ajili yao nilimkosa mwanangu miaka miwili. Na huko nyumbani nawaona kwenye simu mnavyoigiza hizihizi siasa za matusi, ndugu wanajitoa kwenye magrupu ya familia kisa chama, tafadhalini.

Miaka hiyo miwili ilipoisha nilimwandikia binti barua ya mkono, kwa Kiswahili, anachokisoma kwa shida. Akaja. Kaomba TV ya habari isiwashwe siku nzima, nikakubali, na mjukuu kakaa kwenye kiti kilekile karibu yangu, pilau kaongeza mara mbili.

Mzee wa Korogwe,
Houston, Texas