Riwaya mpya zimefungiwa kabatini, lawama anabebeshwa msomaji

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijapata kukuandikia hata mara moja. Ile habari yenu ya riwaya za karibuni zinazowafaa wasomaji wa maktaba ndiyo iliyonitoa kimya. Orodha yenyewe sina ugomvi nayo. Kilichoniudhi ni pale mwandishi wenu alipomalizia kwamba vijana wa Tanga hawapendi kusoma. Alimuuliza nani? Amewanukuu maofisa wawili. Msomaji hata mmoja hamna.

Mwezi uliopita nilikwenda na mjukuu wangu, msichana wa kidato cha tano, kwenye maktaba moja ambayo sitaitaja. Binti wa mapokezi akatuamkia vizuri. Nikamwambia tunatafuta riwaya mpya ya Kiswahili. Akauliza, "Ya mtihani gani, babu?" Nikamjibu si ya mtihani, ni ya kusoma tu. Akamtazama mwenzake, akaingia ndani, akarudi na vitabu vitatu vya mtihani, majalada yamenyofoka, pembeni mwa kurasa watu wameandika "dhamira" na "ujumbe" kwa kalamu nyekundu. Mjukuu wangu akasema hivi tunavyo shuleni. Basi akaletewa Shaaban Robert.

Shaaban Robert ni wetu, kazaliwa hapa Vibambani mwaka 1909, nami nimemfundisha miaka mingi kwa mapenzi. Lakini alifariki mwaka 1962. Waliozaliwa mwaka huo leo wana wajukuu. Je, tangu hapo hakuna aliyeandika?

Nikaitaja *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, ambayo nanyi mliitaja. Nikaambiwa ipo, ila iko ofisini kabatini, na ufunguo anao mkuu, na mkuu yuko semina. Nilikiona kitabu kwa macho yangu nyuma ya kioo, bado kimo ndani ya nailoni yake. Nikauliza kwa nini hakipo rafuni, nikajibiwa vitabu vipya vikitolewa vinachafuka. Mhariri, kitabu kile kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwenyewe ni mzaliwa wa Zanzibar, ukivuka maji tu kutoka hapa, na ilibidi apewe Nobel mwaka 2021 ndipo mwaka 2022 tukakipata kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tumengoja miaka 28 kukisoma kwa lugha yetu, kimefika Tanga, kikafungiwa kabatini kisichafuke! Halafu mtoto aliyekuja kwa miguu yake kutoka Ngamiani, juani, kukiomba kwa adabu, anaandikwa gazetini kwamba hapendi kusoma. Nilitoka pale mikono ikinitetemeka. Nikamwagizia nakala Dar es Salaam. Alikimaliza kwa siku nne, na mpaka leo kinazunguka kwa wenzake bwenini, sijakiona tena.

Kupendekeza kitabu si kusema "hiki kimepata tuzo". Hata habari yenu ilikosea hapo. Mlisema *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon ilipata tuzo ya Mabati-Cornell, ile ya fasihi ya Kiswahili, mkaishia hapo, kama vile msomaji anakwenda kusoma cheti. Mimi, kuhusu *Peponi*, nilimwambia mjukuu wangu hivi: kuna mtoto anaitwa Yusuf, anachukuliwa na tajiri ambaye yeye alimdhani ni jamaa yao, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anafuata msafara wa biashara kwenda bara, na Mjerumani keshaingia. Hapo tu akasema, "Babu, nakitaka." Huku kwetu misafara ilikuwa ikiondokea Pangani, na bado wapo wazee waliohadithiwa na babu zao. Anayeweza kumwambia msomaji maneno hayo ni mtu aliyekisoma kitabu mwenyewe, na pale mapokezi hakuwapo.

Na ninyi pia, Mhariri. Zamani mlikuwa na safu ya vitabu kila Jumamosi. Ndiyo iliyonifanya ninunue gazeti hata mwezi ambao mshahara umechelewa. Mmeiondoa, na mahali pake mmeweka mechi za kubetia, ukurasa mzima. Nawaona vijana pale kituo cha daladala wameuchana ukurasa huo, wanapanga mikeka. Hao mnaowalaumu mmewapa nini kingine cha kusoma?

Nashauri hivi. Riwaya mpya itoke kabatini siku ileile inayogongwa muhuri, iwekwe juu ya meza karibu na mlango, si rafuni nyuma ya ensaiklopidia. Kila mfanyakazi wa maktaba, mlinzi akiwamo kama anapenda, asome riwaya moja kwa mwezi, na kila Ijumaa asubuhi mmoja wao aandike ubaoni, mlangoni, sentensi tatu tu: kisa kinamhusu nani, kinatokea wapi, na yeye mwenyewe alifika ukurasa wa ngapi. Kama aliishia wa 30, aandike 30. Ninyi gazetini mpige picha ubao huo, muuchape kila Jumamosi pale ilipokuwa safu ya vitabu.

Chaki nitanunua mimi. Kama ubao nao hakuna, ninao mmoja nyumbani, nitaupeleka kwa mkokoteni.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga